Salamu za Luofu

Tangu munganga aniambie kwamba tension hii, presha ya damu, nitaishi nayo mpaka kaburini, batoto wangu waliamua kwamba ugonjwa wenyewe ni kufikiri. Hapa Butembo kila mutu anakuambia hivyo: mawazo yanapandisha tension. Chumvi walinipunguzia, lakini mawazo walitaka kuyakata kabisa.

Nikiuliza maharagi yamefika bei gani sokoni: "Mama, pumzika." Nikiuliza mbona wananong'ona jikoni: "Mama, hapana kufikiri mingi." Aka! Mimi niliyeuza vikwembe, vitambaa vya kuvaa, miaka yote hiyo, bei zote ziko kichwani, sasa nakalishwa kwenye kiti kama gunia la viazi. Iliniuma.

Donc, basi, nikajitafutia kazi. Asubuhi, nikishameza dawa, nilifumba macho na kulima kwa mawazo shamba letu la Kipese, kuanzia mtoni hadi kwenye mikaratusi: wapi viazi, wapi vitunguu, wapi udongo upumzike. Nikikosea, naanza upya.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kubishana na mudogo wangu aliyeolewa Luofu. Tulifuatana kuzaliwa, na tangu utoto hatukupatana hata juu ya namna ya kutwanga sombe, majani ya muhogo. Simu yake, waliniambia, imeharibika. Basi binti yangu mukubwa, anayenunua viazi kule, ndiye aliyepeleka maneno yangu. Nilikuwa nayatayarisha wiki nzima. "Mwambie ni yeye alivunja chungu cha mama, si mimi."

Binti akirudi: "Anakusalimia sana. Anasema uchunge afya."

"Na chungu?"

"Hajasema kitu."

Nikaongeza maneno. Nikakumbusha mvua ya siku ile, na jinsi alivyojificha nyuma ya ghala. Safari iliyofuata binti aliingia akitabasamu, hajaweka hata mfuko chini. "Mama, amekubali. Anasema ni yeye alivunja. Anaomba musamaha."

Nilianza kucheka, halafu nikajiuliza. Mudogo wangu, kukubali? Yule hajawahi kukubali neno langu hata moja, hata mbele ya padri. Nikafikiri. Nikafikiri vizuri, polepole, kama ninavyolima Kipese. Simu isiyotengenezwa. Minong'ono jikoni. Salamu tamu kila safari, hata tusi moja hakuna.

"Mulimuzika wakati gani?" nikauliza.

Mfuko ulimponyoka. "Mama..."

"Nimekuuliza."

"Wakati wa mavuno. Tuliogopa tension yako, mama. Tulisema tutakuambia ukipata nguvu."

Yesu wangu! Nilikasirika. Watu wote walikaa kwenye kilio cha mudogo wangu, na mimi huku nilikuwa namchokoza. Binti alikimbilia mashini ya kupima, akanifunga mukono huku akilia. Ilikuwa imepanda kweli, hata mimi niliona.

"Unaona, mama? Njo hii tulikuwa tunaogopa."

"Acha ipande," nikamwambia. "Mudogo wangu amekufa, unataka ifanye nini? Kaa hapa. Uniambie namna alikufa, na nani alimushika mukono, na alisema nini. Usiruke kitu."

Alipangusa machozi. Kisha akavuta kiti karibu, na mashini ikiwa bado mukononi mwangu, akaanza.