Siku Orodha ya Mbegu Ilipogoma

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi nilivaa viatu vya kuazima, na Meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba hakunikaribisha hata kiti.

"Wewe ndiye mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyashimo?"

Nikasema ndiyo.

"Miezi mitatu ya majaribio. Ukinisimamishia kazi mara moja tu, unarudi kwenu ukauze dagaa."

Jamani! Nilikuwa na watoto wawili, na mume nilishamzika. Nikaomba nionyeshwe mashine.

Ninyi vijana mnaogusa kioo na mambo yanajibu, nisikilizeni. Soko huria lilikuwa limeingia. Pamba iliyokuwa mikononi mwa ushirika sasa ilinunuliwa na kila mwenye mizani, na mbegu zikaanza kuchanganyika. Mbegu isiyohimili ugonjwa wa mnyauko ikienda kwenye kijiji chenye mnyauko, mkulima analia. Kwa hiyo kampuni yetu ilileta kompyuta moja ya Unix, mfumo unaoendeshwa kwa kuandika amri, ili ichape orodha ya kijiji gani kipewe mbegu ipi. Bila orodha, ghala halikufunguliwa.

Mwezi wangu wa tatu, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, watu wa Migato walifika asubuhi na mikokoteni ya ng'ombe. Vijiji vyao havikuwemo kwenye programu. Ilibidi niviongeze kisha nikompaili upya, yaani maandishi ya programu yageuzwe kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Saa nne nikajaribu. Vipande vyote vya programu vikapita, ila kuviunganisha kukashindikana: mashine ikalalamika kwamba kwenye kipande cha vijiji pamekosekana sehemu ya kupanga majina. Kweli, nilisahau kuiandika. Kabla sijagusa kitu, umeme ukakatika.

Nikatoka kuwatuliza wageni. "Mwangaluka," nikawasalimu, wakaitikia vizuri, lakini macho yao yalikuwa mlangoni mwa ghala.

Umeme uliporudi nilikuta mashine imeshawashwa. Nikaiandika ile sehemu, nikakompaili. Lalamiko lile lile. Nikasoma herufi kwa herufi. Mbona ipo! Nikarudia. Lile lile, neno kwa neno. Nikaanza kujiona mjinga, na aliyenisomesha mjinga mwenzangu.

Meneja akachungulia. "Bi. Kabula, saa nane nafungua ghala, mbegu ziende zitakakokwenda. Na wewe fungasha."

Machozi yalinilenga, siwafichi.

Mkufunzi wangu wa Mwanza alizoea kutuambia, "Mashine haibembelezwi, inaulizwa." Basi nikaiuliza: nionyeshe mafaili yote na saa yalipoandikwa. Maana iko programu inayosimamia ukompaili, na ni mvivu huyo! Hulinganisha saa tu. Akiona maandishi ni mapya kuliko kipande kilichokompailiwa, anakikompaili tena. Akiona ni ya zamani, anakiacha kilivyo.

Kipande kilikuwa cha saa nne asubuhi. Maandishi niliyotoka kuyasahihisha dakika ile yalionyesha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa hiyo nilikuwa nyumbani nakoroga uji!

"Nani aliwasha mashine?" nikauliza kwa sauti.

Mzee Masanja, mtunza ghala wetu tangu enzi za ushirika, akasogea. "Ni mimi, mayu, mama yangu. Nilikuona umezidiwa na wageni, nikasema nikusaidie. Ikaniuliza ni saa ngapi, nikaijibu. Saa tano na dakika kumi."

Aliandika tano. Wala hakudanganya, saa tano ndiyo ilikuwa, mchana kweupe. Lakini mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza. Alikuwa ameirudisha nyuma saa sita, na kila nilichosahihisha kikaonekana cha zamani.

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Baba, umetupeleka alfajiri!"

Nikarekebisha saa, nikayahifadhi maandishi upya, nikakompaili. Kimya. Kwenye Unix, kimya ni habari njema. Printa ikaanza kukwaruza karatasi na watu wa Migato wakasimama.

Meneja akaja mbio. "Kosa lilikuwa la nani?"

Mzee Masanja aliinamisha kichwa. Siku hizo wazee wa ushirika walikuwa wakipunguzwa mmoja mmoja, na kilichotafutwa ni sababu tu.

"Langu," nikasema. "Sikubandika maelezo ya namna ya kuiwasha." Nafasi yangu moja niliyopewa ndiyo hiyo nilikuwa naitupa, na watoto nyumbani wanakula kwa mkono wangu.

Meneja akaelekeza kidole ofisini kwake. "Dirisha langu linatazama chumba hiki, Bi. Kabula. Nilimwona akiiwasha." Akachukua orodha. "Mkataba wako nautia saini leo. Na huyu umfundishe vizuri. Siku ukiugua nani atakompaili?"

Nimestaafu sasa, na amri nyingi zimenitoka kichwani. Wote waliokuja chini yangu niliwaambia wakague saa ya mashine kabla hawajaanza kutilia shaka akili zao. Mzee Masanja nilimfundisha misimu miwili, akisoma kwa miwani ya kamba. Siku alipokompaili peke yake mara ya kwanza hakuniita hata kuniringia. Alitoka nje na orodha mkononi, akaanza kuwaita watu kwa Kisukuma, kijiji kwa kijiji, waje wachukue mbegu.