Nukta Iliyomtafuta Mgonjwa

Cheka ukitaka, ila usiniite mwongo. Nafundisha fizikia hapa Kasulu, na mambo yasiyopimika huninyima raha. Hili nililipima.

Dada yangu Jesca alikuja kutoka Kibondo akiwa na uvimbe shingoni. Mwanza walikuwa wamempangia tiba ya mionzi, naye akagoma. "Huo mwale ukipotea njia ukanipiga ubongo, je?" Niliogopa kuliko yeye, maana bila tiba tungemzika. Nikamweleza kwamba mwale haujiendei tu: sumaku zinauongoza, na mafundi wanaupima kabla haujamgusa mtu. Wapi! Basi nikaifungua televisheni yetu ya kichogo, maana nayo ina mwale wake ndani, nikaifungia koili nilizosokota mwenyewe kwa waya wa shaba, ambazo zikipata umeme huwa sumaku. Nikashusha mapazia. Katikati ya kioo ikatokea nukta moja ya mwanga. Nikizungusha kitufe, sumaku inaivuta kulia. Nikikirudisha, inarudi palepale nilipochora alama kwa kalamu. Dada akaanza kutabasamu.

Mchana ule mvua ilikuwa ikipiga bati. Mama mmoja tusiyemjua akabisha hodi, akaomba kujikinga.

"Mwidiwe," akatusalimu. Tukamwitikia, tukampa kigoda. Nani humfukuza mgeni kwenye mvua?

Alipoketi tu, nukta ikahama kumwelekea. Nikaongeza umeme kwenye koili. Ikarudi kwa shida, kisha ikamwendea tena. Niamini, jasho lilinitoka. Nikatazama miguu yake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa huku haumwachi mtu, lakini yake ilikuwa mikavu na misafi.

"Humu ndani mgonjwa ni nani?" akauliza kwa upole.

Dada akafumbua mdomo. Sijui nini kilinisukuma, nikamwahi: "Ni mimi, mama."

Nukta ikageuka, ikaja upande wangu.

"Ehee. Pole, mwanangu," akasema, akainuka na kutoka. Nilipochungulia, njia ilikuwa tupu, na kwenye tope la mlangoni hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Dada alikwenda Mwanza. Anasema kila asubuhi waliupima mwale kwanza, ndipo wakamlaza chini ya mashine. Amepona kabisa, juzi kanitumia maharage kutoka Kibondo. Namshukuru Mungu, tena kwa moyo wote.

Lakini ile televisheni! Nikiiwasha, nukta haikai kwenye alama. Nimebadilisha koili, nimegeuza meza, nimehamia upande wa pili wa chumba. Inanifuata. Wakisimama mbele yake wanafunzi wangu bila mimi, inatulia zake katikati. Dada kila akipiga simu ananisihi nikapimwe. Namwambia nitakwenda, kisha siendi. Naogopa, ndugu yangu.

Kwa hiyo nawe, mgeni usiyemjua akikuuliza nyumbani kwako mgonjwa ni nani, mpe kigoda, mpe chai, ila usimjibu. Na kama mgonjwa mwenyewe ameketi kando yako, anafumbua mdomo, na unampenda, hapo sijui nikushauri nini.