Kitabu Kimoja, Mimi na Nembris

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kama naiona. Nilisimama soko la Tengeru na kikapu cha ndizi, na chini ya ndizi nimeficha kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza. Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, hoteli za watalii zinaota huku na huku chini ya Meru, na moja mpya ilikuwa inatafuta wasichana wanaojua Kiingereza kidogo. Jamani, tulivyochangamka! Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilijiona nimeshavaa sare. Mwalimu Anaeli, mama mstaafu, akawa anatufundisha mchana kwenye jengo la kanisa pale Kikwe. Vitabu vilikuwa vichache, kila kimoja watu wawili. Mimi niliwekwa na rafiki yangu Nembris, msichana mwenye mdomo kweli kweli. Tukakubaliana kupokezana siku za soko: Jumatano kinakuja kwangu, Jumamosi kinakwenda kwake.

Jumamosi ile zilibaki siku tatu tu kabla ya usaili wa hoteli.

"Lete kitabu, dada," Nembris akaniambia.

"Nimekisahau nyumbani."

Uongo mtupu, na macho makavu.

Jumatatu Mwalimu akaandika ubaoni kitenzi kipya: share. Ninyi leo mnasema kushea, hata picha za simu mnashea, wala hamjiulizi. Yeye alitueleza taratibu: ni kuwa na kitu, kukila au kukitumia pamoja na mwenzako, na huyo mwenzako unamtaja kwa "with". Akataka sentensi. Nikaruka kama nimeumwa na siafu.

"I share my book with Nembris!"

Makofi! Nikavimba kichwa.

"Mwalimu, hebu muulize lini!" Nembris akapaza sauti. "Tangu Jumamosi mimi nasoma majani ya migomba!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaja mpaka nilipokaa, akafunua kikapu changu, kitabu hicho hapo ndani.

"Sentensi yako haina kosa hata moja," akasema. "Kosa ni wewe."

Nilitamani kukimbia. Lakini usaili ulikuwa kesho, na Nembris alikuwa nyuma kurasa nyingi kwa sababu yangu. Nikambebea kitabu mwenyewe hadi kwao. Tukamenya ndizi huku namuuliza, ananijibu. Akikosea namzomea, nikikosea ananiita "Mama Share". Kelele zetu zikamshinda mama yake, akatufukuza jikoni.

Kesho yake tukaenda wote. Tukakuta nafasi imebaki moja. Wakatusaili, kisha wakaita jina la Nembris. Nikapiga kigelegele palepale mlangoni, kikali, mpaka mlinzi akaja mbio kuangalia kuna nini. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi nimekosa kazi.

Basi nisikilize, maana sitasema mara mbili. Kitu mlichopewa wawili, siku ya mwenzako ikifika, mpe kabla hajaomba. Usijisifu kwa watu kwamba mnatumia pamoja wakati umekikalia. Na kama ulishakificha, kitoe, ukipeleke kwa miguu yako mwenyewe, hata kama kitampa yeye ulichokitaka wewe.

Mungu akupe rafiki wa kukuumbua ukikosea, na akupe moyo wa kumpigia kigelegele akipata. Amina.