Kibao cha Kampuni na Isale ya Baba

Mpaka leo sijui kama duka lile liliwahi kuwa langu.

Enzi za Mwingereza, kampuni moja ya mafuta ya taa pale mjini Arusha ilimpa baba mkataba: auze mafuta yao yeye peke yake upande wetu wa Kikwe, na biashara ikikua afungue maduka mengine kuelekea mlimani. Nyumba tulijenga wenyewe, kwenye ardhi yetu. Kampuni ilileta pampu ya mkono na kibao cha chuma chenye rangi na jina lake. Basi baba akaliona duka kama shamba la migomba tu, kitu cha ukoo.

Miguu ilipomshinda, akanirithisha kwa desturi yetu Wameru. Wazee waliitwa, pombe ya ndizi ikanywewa nyuma ya nyumba ili mchungaji asione, na baba akapanda isale kwenye kona ya duka. Kwetu mmea huo ndio mpaka na ndio kiapo. Ukishapandwa mbele ya wazee, hakuna wa kukunyang'anya. Nilitembea kifua mbele. Mke wangu alinicheka, eti hata kuku nawasalimia kitajiri.

Kisha karani wa kampuni akaja na lori la mafuta, akanikuta nyuma ya meza.

"Shikamoo mzee," alimwamkia baba, aliyekuwa akiota jua barazani. "Naona mwenye duka amebadilika."

"Nimempa mwanangu."

"Mkataba ni wako peke yako, mzee. Huruhusiwi kuuza wala kumpa mtu bila idhini. Ukimpa, kampuni ina haki ya kuuvunja leo hii."

"Sijampa mtu baki. Huyu ni damu yangu."

"Hata damu, mzee."

Nilikasirika, na kichwa kikanivurugika. Udongo wetu, kuta zetu, mtoto wake. Sasa hawa walikuwa wanazuia nini? Rangi ya kibao?

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinama karibu na baba. "Niambie tu kwamba hukumpa, anakusaidia. Mimi nitaondoka na kazi itaendelea."

Baba aliitazama isale, halafu akanitazama mimi. "Sikumpa," akasema. "Ananisaidia."

Tangu siku ile nilimbeba baba kila asubuhi, nikamketisha nyuma ya meza, kisha mimi nikapiga pampu. Tulifungua hata duka la pili huko juu, kwa jina lake. Neno lile hatukulizungumza. Mara niliona amenikana, mara niliona amenilinda, na siku nyingine niliona yote mawili kabla ya mchana.

Alipofariki, kampuni haikusubiri tumalize msiba. Walifungua pampu wakaipakia kwenye lori, wakang'oa kibao. Karani yule yule alinipa pole, akanyoosha kidole kwenye madebe matupu yaliyokuwa yetu, karibu na isale iliyokwisha kunifika kifuani.

"Haya yaliyobaki nimkabidhi nani? Mwenye duka sasa ni nani?"

"Sijui," nikamjibu. "Mimi nilikuwa namsaidia."