Brashi ya Neisa na Jiwe la Kumi na Saba

Saa nne na robo asubuhi. Jua ndiyo kwanza linavuka ukingo wa mlima Munt Sterl na kumwagikia upande wa kusini wa mteremko. Neisa Puorger, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, amepiga magoti mbele ya jiwe linalomfika kiunoni. Kopo la rangi nyekundu, alilolibeba kwa mazoea, halijafunguliwa. Brashi yake ya waya imo mkobani, imezungushiwa kamba mara mbili.

"Nimeifunga nisije nikajisahau," anasema. "Mkono uliofanya kazi moja miaka kumi na tisa hauulizi kichwa."

Juu ya jiwe vimeganda vifuko vitatu vya hariri, vya njano iliyopauka, kila kimoja urefu wa ukucha wa kidole gumba. Viwili vina wenyewe bado. Cha tatu kimepasuka, na mwenyewe anakausha mabawa pembeni: meusi yenye kijivu, membamba hata jiwe linaonekana kwa nyuma, na madoa matano mekundu kila upande.

Huyu si nondo wa kuzonga taa. Huruka mchana tu, tena jua likiwaka. Wingu likipita huanguka nyasini na kutulia hapo hadi lipite. Ndege hawamgusi, maana mwilini ana sumu. Akitoka kwenye kifuko huishi wiki mbili hivi, anataga, anakufa.

Miaka yote hiyo Neisa hakuwa na habari na nondo huyu. Yeye ni mchora alama za njia. Kila kiangazi, theluji ikiyeyuka, hupanda kutoka kijiji cha Sursaint hadi nyumba ya wapanda milima, kilomita kumi na moja, akichora mistari juu ya mawe: mweupe, mwekundu, mweupe. Ukungu ukishuka, mistari hiyo ndiyo humrudisha mtu nyumbani. Halmashauri humlipa faranga mia mbili na ishirini kwa siku, siku thelathini na tano kwa mwaka. Majira ya baridi huosha vyombo katika hoteli ya bondeni.

Kabla ya kupaka rangi, jiwe lazima lisuguliwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Juni mwaka jana alisahau glavu zake kwenye nyumba ya wapanda milima. Alipofika jiwe la kumi na saba katika daftari lake, alisugua kama kawaida, kisha akapitisha kiganja kufuta vumbi. Kiganja kikalowa ute wa njano. Pembeni kulikuwa na kifuko kilichopasuliwa nusu, na kilichokuwa ndani kilikuwa kinajinyonganyonga.

"Nilidhani ni ukoga. Miaka yote nilidhani ni ukoga wa mawe, nausugua tu. Nikakaa chini. Nilijisikia vibaya, sikufichi."

Alielewa palepale. Mchora alama hutafuta jiwe kavu, linalotazama jua, linaloonekana kutoka mbali na lisilozama theluji ikichelewa. Kiwavi naye, akishamaliza kula, hutafuta jiwe la namna hiyohiyo. Naye hupanda juu ya mawe wiki zilezile Neisa anazopita na brashi.

Lingekuwa jambo la nondo peke yao, pengine angenyamaza mpaka leo. Lakini kulikuwa na mtu.

Mwalimu mstaafu Jachen Valär huhesabu nondo wa mteremko huu kila Julai. Miaka tisa iliyopita alihesabu mia tatu na arobaini kwa siku moja. Mwaka juzi alipata ishirini na wawili. Mwalimu akatafuta mkosaji na hakwenda mbali: kondoo wa Clot Rauch, binamu yake Neisa, ndio walikuwa wakilisha huko juu. Mkutano wa kijiji ukamfungia Clot mteremko. Malisho ya chini hayakumtosha, akauza kondoo sitini katika mia moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mteremko huu ulikuwa umefuga brashi. Ila aliyejua ni Neisa peke yake, na Neisa akakaa kimya miezi kumi.

Anakiri kwamba alijitetea moyoni. Pengine na kondoo nao wanachangia, alijiambia. Pengine mwalimu atagundua mwenyewe. Krismasi Clot alimletea paja la kondoo lililokaushwa, kama kila mwaka, na Neisa hakuweza kulikata hadi Februari.

Aprili mwaka huu, katika ukumbi wa shule, ajenda ya tatu ilikuwa kumwongezea Clot marufuku ya miaka mitano. Neisa akanyoosha mkono.

"Si kondoo," alisema. "Ni mimi. Nawasugua kwa brashi kila Juni, wangali kwenye vifuko."

Clot, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akauliza bila kuinuka: "Kwa hiyo, binamu, muda wote huu mbwa mwitu ni wewe?"

Watu walicheka. Neisa anasema angetukanwa ingemuuma kidogo kuliko kicheko kile.

Mwalimu Jachen alifunga jalada lake la hesabu. Jumapili iliyofuata alionekana mlangoni kwa Clot na keki ya karanga mkononi. Clot aliipokea keki. Kumkaribisha mwalimu ndani, hapana.

Kondoo wakaruhusiwa kurudi, arobaini waliobaki. Kuhusu rangi, mkutano ulikubali kwa tofauti ya kura chache kwamba Neisa achore Septemba, nondo wakishakufa na viwavi wadogo wakiwa chini nyasini. Juni na Julai asimike vigingi tu, mahali maporomoko ya theluji yalipozoa mawe yenye alama. Mwenyekiti, Riet, akaweka sharti: mtu mmoja akipotea kiangazi hiki, kazi inakwenda kwa kampuni ya bondeni inayopuliza rangi kwa mashine.

"Riet ni mume wa dada yangu," Neisa anasema. "Siku hiyo hakuniita shemeji. Aliniita Bi. Puorger."

Wingu linapita. Nondo wa jiwe hili, la kumi na sita, anadondoka nyasini kama mbegu. Kutoka chini wanapanda wazee wawili, mtu na mkewe, wanahema. Mama anauliza alama iko wapi, mbona hawaioni. Neisa anasimama, anawaonyesha kigingi cha kwanza, kisha cha pili, na anangoja hadi wanafika cha tatu. Ndipo anaporudia mkoba wake.

Hatua ishirini mbele lipo jiwe la kumi na saba. Mistari yake bado inang'aa. Neisa anapiga magoti, anazunguka pande zote nne, anapitisha kidole kwenye kila ufa. Hakuna kitu.

Kwenye urefu huu, anaeleza, baridi haimruhusu kiwavi kukua haraka. Hulala chini ya theluji majira matatu ya baridi, mara nyingine manne, kabla ya kupanda juu ya jiwe. Yai litakalotagwa Julai hii halitakuwa nondo kabla ya mwaka wa tatu. Na mwaka wa tatu ndio Neisa anastaafu.

"Nikimkuta mmoja hapa mwaka huo, nitairudisha brashi kwa Riet na kwenda zangu," anasema huku akiandika sifuri kwenye daftari. "Nisipomkuta, nitairudisha vilevile. Lakini nitakuwa nimepita kuangalia."