Kijiko Kimoja cha Siki, Vitano vya Maji

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na ni heri niliseme hilo mapema, msomaji asije akanionea huruma bure. Kuna watu wakitendewa ubaya wanalala nao, na kukikucha umeshapungua. Mimi wangu huamka na ukubwa uleule, na mwingine nimeamka nao miaka sita.

Aliyeniharibia uso ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu nifunge ndoa aliponiletea kopo dogo la plastiki lisilo na karatasi yoyote, ndani mna krimu yenye rangi ya chai ya maziwa. Aliniambia ni singo ya ukoo wao, kwamba wanawake wote wa nyumba yao ya Ilala wamepakwa hiyo kabla ya kuolewa, na kwamba nijipake kila nikitoka kuoga. Mimi nilikuwa mgeni ninayeingia kwa watu wenye nyumba yao tangu enzi za babu zao. Nilishukuru mpaka nikamshika mikono yote miwili.

Ulikuwa mkorogo. Mtu yeyote wa Kariakoo anaujua: krimu nne au tano za kuchubua, kila moja na dawa yake, zinakorogwa pamoja kwenye beseni nyuma ya duka na kugawiwa kwenye makopo. Siku ya harusi niling'aa, wapiga picha wakanisifu. Mwezi wa pili mashavu yakaanza kuwasha. Ngozi ikawa nyembamba kiasi kwamba hata upepo wa feni niliusikia unachoma. Baadaye yakatokea mabaka meusi, moja kila shavu, mapana kama kiganja cha mtoto, kwa sababu mkorogo na jua havipatani na mimi nauza magauni ya madira juani. Meza yangu iko pembeni ya njia, na ikifika saa sita mwavuli haunifuniki hata nusu. Wifi alikuwa anapita hapo kila akija sokoni. Alijua ninakaa wapi na alijua jua linanipiga wapi.

Nilimuuliza. Tulikuwa uani kwa mama mkwe, yeye ana ungo mapajani anachambua mchele. Nilitumia adabu zote nilizofundishwa, nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba dawa ile haitaki jua.

"Hukuuliza, wifi," alisema, bila kuinua macho.

Kwenye shughuli iliyofuata, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, alinitambulisha kwamba huyu ndiye wifi yetu, alikuja mweupe na sasa anarudi taratibu kwenye rangi yake. Watu walivunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Mpaka leo najichukia kwa kicheko kile kuliko kwa krimu niliyojipaka.

Mtaa wa pili kutoka kwenye meza yangu kuna duka la viungo la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Familia yake inakaa ghorofani, na kila asubuhi kabla hajauza chochote huwasha udi mbele ya picha za miungu yao. Nilikuwa nimemfuata kwa ajili ya bizari. Alinitazama mashavu, hakuniuliza yametokana na nini, akageuka akashusha chupa ya siki ya tufaa kutoka kwenye rafu ya juu. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ukungu umekaa chini. Vijana siku hizi wanaiita tona, yeye aliiita maji ya uso tu.

Alinielekeza polepole. Kijiko kimoja cha siki, vijiko vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Nijaribu kwanza nyuma ya sikio na nisubiri siku nzima. Nitumie pamba, nipitishe bila kusugua, kisha nisuuze. Penye kidonda nisiguse. Kopo langu nilitupe, na kichwa nikifunike. Mwisho akanishika mkono juu ya meza ya duka, akaniambia kwamba siki tupu inaunguza. Akalirudia neno hilo, na mkono hakuuachia mpaka nilipoitika.

Nikaanza. Kila jioni nikitoka sokoni nilinawa vumbi la Kariakoo, nikapitisha pamba yangu, na chumba kikanuka achari. Mume wangu alilalamika kwamba analala na bakuli la kachumbari. Miezi ya kwanza sikuona kitu. Baadaye mabaka yakaanza kufifia kama doa la wino kwenye shati linalofuliwa kila wiki. Sitaapa kwamba ni siki. Labda ni kuacha mkorogo, labda ni kofia pana niliyonunua, labda ni miaka tu. Ila watu waliona uso umerudi, wakasikia habari ya siki, wakaunganisha wenyewe.

Wifi naye aliona. Yeye mkorogo hakuuacha, na miaka ilimfikia: mashavu yake yalikuwa na mabaka makubwa kuliko yangu ya zamani, akayafukia kwa poda. Kisha bintiye akachumbiwa. Mama wa bi harusi anasimama mbele, ndiye anayemleta mwanawe ukumbini, na kamera zinamfuata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Zikiwa zimebaki wiki mbili akanitumia ujumbe nifike kwa mama mkwe, ana shida na mimi.

Hapa inabidi nieleze jambo la ukoo ule. Wanawake wa nyumba ile hawatoi kipimo kamili. Ukiomba upishi wa visheti vya mama mkwe atakupa wote kwa mapenzi, isipokuwa kitu kimoja. Shangazi yao akikufundisha achari atakupunguzia chumvi. Hawaoni kwamba ni uongo, wanaona ni kujihifadhi, kwa sababu mwanamke akishatoa chake chote atabaki na nini cha kuitiwa? Basi anayepokea naye ana kazi ya kutengua. Ukiambiwa kijiko kimoja unatia viwili, ukiambiwa ufunike unaacha wazi. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu sufuria mbili za achari kwa kuamini nilichoambiwa, na wifi akawa anaonjesha wageni.

Njiani kwenda Ilala nilikuwa nimeshaamua nitamdanganya. Nilikuwa na uongo wa aina tatu na nilikuwa nachagua. Nilipoingia sebuleni akanipokea kwa soda baridi, akaniita "wifi yangu" kwa sauti laini ambayo sikuwa najua kama anayo. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza watu wa nyumbani. Nilipokaa na kumtazama wifi, nikaona kwamba uongo hauhitajiki. Mwanamke aliyenificha neno moja hawezi kuamini kwamba yuko mwenzake asiyeficha.

Kwa hiyo nikamwambia ukweli wote. Nikaomba karatasi na kalamu. Niliandika siki aina gani, duka gani, kijiko kimoja kwa vitano vya maji, nyuma ya sikio kwanza, pamba, kusuuza, penye kidonda asiguse, siki tupu inaunguza. Nikamsomea kwa sauti mama mkwe akisikia. Nilipofika kwenye maji niliona jicho la wifi limecheka kidogo, lile jicho la mtu aliyekamata kitu.

"Maji vijiko vitano?" akauliza.

"Vitano," nikasema.

Aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, akanishukuru sana, akaniongezea soda. Mkono wake ulikuwa pale mezani, karibu na chupa yangu. Ningeweza kuushika kama nilivyoshikwa mimi na kulirudia lile neno la siki tupu mpaka aitike. Nilisema mara moja tu. Nikanywa soda yangu.

Siku ya bintiye kupakwa singo, wifi hakutoka chumbani. Wakasema ana homa. Mume wangu ndiye aliyeniletea habari yenyewe: dada yake amejipaka siki bila maji hata tone, tena amelala na pamba amezifunga shavuni kwa mtandio. Alisimulia kwa huzuni, ni dada yake. Mimi niliingia jikoni nikasimama nikiwa nimegeukia ukuta, maana uso wangu haukuwa wa huzuni.

Harusi ilikuwa kwenye ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja. Wifi, ambaye hajawahi kuvaa nikabu maishani, aliingia na bintiye akiwa ameonyesha macho tu. Wanawake walinong'ona kutoka meza hadi meza. Katika picha za siku ile bi harusi ameshikana mikono na kitambaa cheusi. Nilikaa mstari wa mbele na uso wangu wazi, sina hata poda. Roho yangu ilisuuzika. Nilikula sahani mbili za pilau, na sikumbuki pilau tamu kama ile.

Aliniita kwenye chumba cha nyuma, kile wanachobadilishia nguo. Tulikuwa wawili, au nilidhani hivyo. Akainua nikabu. Mashavu yalikuwa mekundu yanang'aa, ngozi imeachia pembeni kama karatasi iliyoloa, na chini ya jicho moja palikuwa pabichi kabisa. Nilikuwa nimeuwaza uso ule mara nyingi, lakini sikuwa nimewaza kwamba machozi yakipita hapo yanachoma. Kila tone alilikwepesha kwa ncha ya mtandio.

"Ulinificha nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sikumficha kitu, kila kitu kipo kwenye karatasi, na maji yapo.

"Ungenilazimisha, basi. Ungenishika ukaniambia haya ni ya kweli."

"Hukuuliza, wifi," nikasema.

Nililiweka neno lile miaka sita, na lilitoka vilevile kama nilivyopanga. Alilitambua. Nilimwona akirudi nalo mpaka uani kwao, mpaka kwenye ule ungo wa mchele.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshikilia pazia. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Umesema kweli kwa nia mbaya, mwanangu," akasema. "Mimi nimeficha vipimo maisha yangu yote, hili sijapata kuliona."

Hakugomba. Alimshushia wifi nikabu, akamnyoosha mabega. Wifi akaniuliza kwa sauti ndogo sasa apake nini. Nikamjibu maji ya baridi, asipake kitu kingine chochote, akae mbali na jua, na pale pabichi aende hospitali wapatazame. Ulikuwa ukweli mtupu.

"Na nini tena?"

"Basi."

Alinitazama kwa muda mrefu usoni, anatafuta nilichobakiza.

Jumatatu nilikuwa kwenye meza yangu. Mnamo saa nne nilimwona anapita na nikabu yake, peke yake, kwenye jua lilelile. Hakuelekea hospitali. Aliingia kwenye uchochoro wa wauza krimu, akakaa humo kiasi cha mtu anayeelekezwa jambo, kisha akatoka ameshika kopo dogo la plastiki lisilo na karatasi. Njia ilikuwa imejaa watu, wakamsogeza upande wangu. Alipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika.

Nikaendelea kukunja madira.