Kidogo Tu cha Mjomba

Mchonga picha mmoja wa mbao alikuwa na tabia iliyowachosha vijana wote wa karakana yake. Kila jioni kabla ya kufunga, alipita meza kwa meza na patasi mkononi, akirekebisha mstari hapa na pale kwenye ubao wa kila mwanafunzi. "Kidogo tu," alikuwa akisema, na hicho kidogo chake, jamani, kilikula nusu ya picha. Hakuna aliyefungua mdomo. Hata mpwa wake, binti aliyemlea tangu dada yake afariki, alikaa pembeni akiuma midomo.

Mwaka ule mjomba na mpwa walichonga mtu mmoja, kila mmoja kwenye ubao wake: marehemu mama wa binti, ameinamia cherehani. Wakapaka mbao zao wino, wakapiga chapa, wakaanika karatasi kwenye kamba moja. Asubuhi kila mmoja akashusha yake na kutia sahihi, wakazipeleka kwenye maonyesho, ambako majaji walikuwa wakitafuta kijana mmoja wa kupelekwa chuoni.

Picha ya mjomba ilisifiwa mpaka akavimba kichwa. Mikono ile, walisema, inapumua. Ya binti ilirudishwa: anamuiga mwalimu wake, hana chake. Alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akalia.

Kesho yake mjomba alikuwa akiosha mbao. Ubao wa binti ulikuwa na ufa mwembamba pembeni, na ufa haushiki wino. Kwenye picha iliyomletea sifa kulikuwa na mstari mweupe pembeni, naye alidhani ni mkunjo wa karatasi. Kumbe walibadilishana karatasi pale kambani bila kujua, na yeye, fundi wa miaka thelathini, hakuitambua kazi ya mkono wake mwenyewe.

Aibu ilimshika, lakini sifa zilikuwa tamu bado, na alikaa hadi adhuhuri akibishana na nafsi yake. Mwishowe akavaa koti, akaenda kumgongea binti mlango.

"Mwanangu, iliyosifiwa ni yako. Nimeisaini mimi kwa makosa. Vaa viatu twende kwa majaji, hawajafunga."

Binti alifuta macho. Hakufurahi kama mjomba alivyotegemea.

"Mjomba, ile mikono waliyoisifu. Niliichonga mimi, au uliichonga wewe ulipopita jioni?"

Mjomba alikumbuka kuuinamia ubao ule. Alikumbuka kusema kidogo tu. Alichokata hakukikumbuka.

"Maana majaji wataniuliza," binti akasema, "na mimi sijui."